POSHO: NENO MOJA, VINYWA VINGI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano, Nakaloke)



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya neno fupi ambalo kila mkimbizi analijua: posho. Tumelichagua kwa sababu tumeona likileta manung'uniko kwenye mistari ya mgawo, na mara nyingi wanaogombana wote wanasema kweli.

Katika Kiswahili cha zamani posho si aina ya chakula. Ni kile anachopimiwa mtu ili aishi akiwa kazini au safarini. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilimpimia mpagazi kibaba cha nafaka kwa siku. Penginepo alipewa kitambaa au shanga akajinunulie chakula njiani. Vyote hivyo viliitwa posho.

Kisha neno likasafiri. Hapa Uganda wafanyakazi, wafungwa na wanafunzi walilishwa unga wa mahindi, na jina la mgawo likaushika unga wenyewe. Leo ukiingia hotelini Mbale ukaomba posho na maharage, unaletewa kile ambacho Mtanzania anakiita ugali. Kenya wana poshomili, mashine ya kusaga. Tanzania posho imekuwa fedha: posho ya safari, posho ya kikao. Huko Kongo wafanyakazi walipimiwa chakula kila wiki, na katika Kilingala poso ni wiki yenyewe. Msemaji wa Kilingala akisema "poso mibale", anahesabu siku kumi na nne, wala hataji magunia mawili.

Sasa fikirini mtu akisimama na kipaza sauti akatangaza: "Posho imekwisha." Mganda anasikia unga umekwisha. Mtanzania anasikia fedha zimekwisha. Mkongomani anaweza kusikia kwamba wiki imekwisha, basi anakuja na gunia lake kupokea!

Jambo hili si la kuchekwa tu. Mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, na mwaka 2021 likapunguza zaidi. Siku kama hizo, mama asiyeelewa tangazo hukosa kupanga chakula cha watoto wake. Kwa hiyo tunaziomba kamati zote: tangazeni kitu kwa jina lake. Semeni unga kilo ngapi, maharage kilo ngapi, fedha shilingi ngapi, siku gani. Na wakalimani wasikilizwe kabla ya tangazo, si baada ya ugomvi.

Ndugu zetu, liko jambo moja ambalo maana zote hizi zinakubaliana. Posho hupimwa na mkono wa mwingine. Mpagazi hakushika kibaba, wala mchimba madini hakushika mizani. Kuipokea si aibu, maana aliyeipokea alikuwa mtu wa kazi. Lakini tusiizoee hata tukasahau jembe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Hata bustani ndogo ya sukuma na maharage nyuma ya nyumba ni chakula ambacho kipimo chake tunakishika wenyewe.