Mashine Ikikosea, Nani Atajibu?

Ninyi mlio makambini, na ninyi wakubwa wa mitaa na vijiji, wengi mmeuliza: hizi mashine za akili bandia zikatazwe, ama ziachwe?

Umoja wa Ulaya ulitunga sheria juu yake mwaka 2024. Haukukataza zote, wala haukuachia zote. Uliangalia kazi. Mashine ya kutafsiri barua ya kawaida haibanwi sana. Ile inayosaidia serikali kuchunguza ombi la mkimbizi imewekwa katika hatari kubwa: lazima mtu aisimamie, naye aweze kukataa jibu lake. Nyingine zimepigwa marufuku tangu Februari 2025, kama zile za kuwapa watu alama kwa tabia zao na kuwatendea vibaya pasipo haki.

Sheria hiyo si ya Kongo, lakini njia yake tunaweza kuiazima. Mimi sipendi kuzuia yote. Simu inayomtafsiria mama maneno ya muganga ni msaada, tusimnyang'anye. Ila orodha ya chakula ni jambo lingine. Jina likikosekana watoto wanalala njaa, na mashine haina mlango ambao mama anaweza kwenda kuubisha.

Basi wakubwa, mkiletewa orodha iliyopangwa na mashine, ulizeni mbele ya watu wote: nani anaisahihisha, anapatikana wapi, anajibu kwa siku ngapi? Majibu yaandikwe, yabandikwe pale watu wanapochota maji.