Mzigo wa Kazi: Maneno Yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Wakaaji, Nakivale

 

Nimeombwa kueleza maneno tunayoyasikia kila kikao: mzigo wa kazi. Mzigo sote tunaujua. Hata wenzetu wa Kinyarwanda na Kirundi husema umuzigo. Ni kitu cha kubeba kichwani au mgongoni, na kina kipimo. Wapagazi wa misafara ya zamani, kutoka pwani hadi Ujiji, walibeba kama kilo 30 kila mtu, na mizigo ilipimwa kabla ya safari.

Ofisini, mzigo wa kazi ni jumla ya kazi zote anazotakiwa mtu kuzimaliza kwa muda fulani. Si sawa na kazi ngumu. Kuchimba choo ni kazi ngumu, lakini kikiisha kimeisha. Kupika ni kazi nyepesi. Mzigo wake ni kurudiwa kila siku, huku kazi nyingine tatu zinangoja saa ile ile.

Mashirika yanajua kuhesabu. Kitabu cha viwango cha Sphere, kinachotumika tangu mwaka 2000, kinataka tabibu mmoja asipite wagonjwa 50 kwa siku. Ni vizuri, na tabibu anayezidishiwa ana haki ya kusema. Kitabu hicho hicho kinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na bomba lisizidi mita 500 kutoka nyumbani. Basi tuhesabu. Nyumba ya watu 6 ni lita 90, yaani jerikeni 4 zilizojaa na nusu ya tano. Mama akichota peke yake ni safari 5, kilomita 5 kwenda na kurudi, na nusu ya njia ana kilo 20 kichwani. Na hapo kila kitu kimekwenda kama kitabu kinavyotaka! Kuni hazimo, foleni ya mgao haimo, shamba halimo.

Lakini fomu ikifika nyumbani, penye neno "kazi" mama huandikiwa "hana". Si kosa la karani peke yake. Mume ndiye hujibu hivyo, mke amesimama pale pale na mtoto mgongoni. Kisha asipofika kwenye mafunzo, anaambiwa hana moyo wa kujitolea.

Ninyi mnaopanga ratiba, nawaomba mambo mawili. Mikutano ya akina mama isiwekwe siku ya mgao, wala asubuhi ya maji. Na kabla ya kumpa mtu wa kujitolea kazi ya pili, mwulizeni ya kwanza inamchukua saa ngapi.

Kwa wanaume wenzangu ombi ni jepesi zaidi: jerikeni mbili kila asubuhi. Wenye baiskeli, jerikeni tatu.