Umebandika tangazo, nani ameliona?

Wiki hii naacha mambo ya bajeti na ya mpira wapumzike. Nataka tuzungumzie jambo linalowaumiza kichwa vijana wengi wanaotafuta riziki kwa simu ya mkononi, jambo ambalo sisi watu wa vyombo vya habari tumekuwa tukilipita kando kana kwamba halituhusu.

Kijana mmoja wa Misima, wilayani Handeni, ametuletea ujumbe. Anauza asali. Huinunua kwa warinaji wa vijiji vya jirani, huichuja, huitia kwenye chupa, kisha huipiga picha na kuibandika Facebook na Instagram pamoja na maneno haya: "Asali safi ipo, karibuni wote." Anasema hapo mwanzo watu walikuwa wakiuliza kila siku. Sasa anabandika na kungoja kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Ametokea bwana mmoja wa mjini ambaye anataka kumwuzia wafuasi elfu kumi, na kijana anauliza kama atoe fedha hizo, ambazo ndizo mtaji wake wa msimu.

Jibu ni fupi: asitoe hata senti. Sababu zake ndizo ndefu kidogo.

Wengi wetu tunaamini kwamba ukibandika kitu, kila aliyekubali kukufuata atakiona. Hapo zamani mambo yalikaribia kuwa hivyo. Instagram, kwa mfano, hadi mwaka 2016 ilikuwa ikipanga picha kwa kufuata saa: ya mwisho kubandikwa ndiyo ya kwanza kuonekana. Lakini watu wakazidi, na picha zikazidi. Mwaka 2013 Facebook wenyewe walieleza kwamba kila mtu anapofungua ukurasa wake, kwa wastani kuna habari 1,500 zinazoweza kuwekwa mbele ya macho yake. Nani mwenye muda wa kusoma habari 1,500 huku ugali uko jikoni? Kwa hiyo kompyuta inachagua kwa niaba yake. Kanuni za kuchagua huko ndizo wataalamu wanazoziita algorithimu.

Msitishwe na neno. Mfikirieni karani aliyekaa mlangoni pa ofisi yenye foleni ndefu. Yeye ndiye anayeamua nani aingie na nani aendelee kusimama juani. Hamchukii mtu wala hampendi mtu. Anakisia tu: huyu bwana mkubwa wa ndani atapendezwa na mgeni yupi? Na tusisahau ni nani anayemlipa karani huyo mshahara. Ni kampuni inayouza matangazo, ambayo faida yake hukua kadiri mtazamaji anavyozidi kukaa. Asali ya Misima ikiuzwa au isiuzwe, karani halali njaa.

Sasa mtaona kwa nini wafuasi wa kununua ni hasara tupu. Karani hukisia kwa kuangalia watu waliotangulia kuliona chapisho lako walifanya nini. Je, walisimama? Waliuliza? Walimpelekea rafiki? Wafuasi wa kununua hawafanyi lolote kati ya hayo, maana wengi wao hawapo. Ni majina matupu. Ukijaza ukumbi kwa viti visivyo na watu, hupati makofi. Karani akiona ukimya huo anahitimisha kwamba mzigo wako haupendezi, na kesho anakurudisha nyuma zaidi.

Mwezi Machi 2023 kampuni ya Twitter, ambayo siku hizi huitwa X, ilitoa hadharani sehemu ya kanuni zake, na tukapata kuchungulia mizani ya karani mmoja. Kwa hesabu ya wakati ule, mtu kulipenda chapisho ilikuwa nusu pointi. Kulisambaza ilikuwa pointi moja. Kulijibu ilikuwa pointi 13.5. Na mtu akijibu, halafu mwenye chapisho naye akashughulika na jibu lile, ilikuwa pointi 75. Hesabu hizi hubadilishwa mara kwa mara, na kila mtandao una mizani yake, hivyo msizikariri. Lakini angalieni uzito umelalia upande gani. Umelalia kwenye mazungumzo.

Hapa naomba niwaseme wafanyabiashara wetu kidogo. Mtu anaweka picha ya kiatu, mteja anauliza "bei gani?", naye anajibiwa "njoo inboksi." Kwani bei ni siri ya ndoa? Mimi huona ni kumdharau mnunuzi, na mara nyingi huwa naachana na kitu hicho hapo hapo. Tena ni kujipunja mwenyewe, kwa sababu jibu la wazi lingemvuta na wa pili aulize kama unatuma hadi Korogwe, na wa tatu aulize chupa ni ya lita ngapi, na mazungumzo yale yote karani angeyaona.

Kijana wa Misima nimetazama picha zake. Chupa imesimama juu ya meza, basi. Haionekani bei, halionekani jina la mahali, wala hakuna neno kama "Handeni" au "Tanga" ambalo mtu anayetafuta asali ya huko angeliandika akaipata. "Karibuni wote" haimwambii mtu kitu. Wazee wa kazi yetu waliosoma kadi za salamu katika Redio Tanzania Dar es Salaam wanajua kwamba kadi iliyoandikwa kwa mwandiko unaosomeka, ikitaja nani anamsalimu nani na yuko wapi, ilikuwa na bahati kuliko ile iliyojaa maua na mbwembwe.

Kwa upande wa video, TikTok walieleza mwaka 2020 kwamba mtu kuitazama video mpaka mwisho ni dalili kubwa kwamba ameipenda, na kwamba idadi ya wafuasi si kigezo cha moja kwa moja. YouTube nao tangu 2012 walianza kutilia mkazo muda ambao watu wanatazama, badala ya kuhesabu tu mara ambazo video imefunguliwa. Maana yake ni kwamba sekunde za mwanzo ndizo duka lenyewe. Usianze na nembo inayozunguka na muziki wa sekunde kumi. Anza na sega linalokamuliwa.

Mfano tunao wenyewe, tena si mbali na Handeni. Lugoba iko kando ya barabara ya Chalinze hadi Segera, na kutoka maeneo hayo kijana wa Kimasai, Kili Paul, pamoja na dada yake Neema, walijulikana mwaka 2021 kwa video fupi za kufuatisha midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Hakukuwa na studio. Walikuwa na mashuka yao, uwanda nyuma yao, na midomo iliyokwenda sawasawa na wimbo tangu sekunde ya kwanza. Mtu asiyeelewa neno moja la Kiswahili alielewa yote. Na hapa pana jambo la kuangalia: TikTok ilikuwa imepigwa marufuku India tangu Juni 2020, kwa hiyo Wahindi wengi walimwona kwingine, hasa Instagram. Angekaa na mlango mmoja tu, wenyeji wa nyimbo zile wasingemjua. Februari 2022 Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ulimtunukia heshima, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja yeye na dada yake katika mazungumzo yake ya kila mwezi. Mazungumzo hayo hutangazwa wapi? Redioni, ndugu zangu. Niruhusuni nijivune kidogo.

Iko njia nyingine ya kumvuta karani, nayo ni ya uchafu. Kwa kuwa ghadhabu na hofu huwafanya watu wajibu upesi, wapo waliogundua kwamba uongo una soko. Nyaraka za ndani za Facebook zilizotoka mwaka 2021 zilionyesha kwamba mwaka 2017 alama ya uso wenye hasira ilipewa uzito mara tano ya alama ya kupenda. Kampuni ilikuja kuifuta hesabu hiyo kuwa sifuri mwaka 2020, baada ya miaka mitatu ya watu kuchokozana. Huku kwetu tunawajua wanaomzushia msanii kifo asubuhi ili jioni wauze sabuni. Mama yake msanii husoma habari ile kama mtu mwingine yeyote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja taarifa za uongo na adhabu yake ni nzito, lakini hata sheria isingekuwapo, ningependa mtu wa asali abaki kuwa mtu wa asali. Na wale wa "andika AMINA upate baraka" wajue kwamba Facebook walitangaza Desemba 2017 kuwa machapisho ya kuombaomba namna hiyo watayashusha.

Nimalizie na WhatsApp, maana huko ndiko wateja wengi wa vijijini na mijini waliko. Watu wanalalamika kwamba picha wanazoweka kwenye hali yao hazionwi. Mara nyingi hakuna uchawi: kwa kawaida huonwa na yule tu uliyehifadhi namba yake na yeye akahifadhi yako, na baada ya saa 24 hutoweka. Hali kadhalika orodha ya kutumia watu wengi ujumbe mmoja, ambayo huchukua hadi watu 256. Asiyekuwa na namba yako katika simu yake haupati. Kwa hiyo mteja akishalipa, kabla hajaondoka, mwombe aiandike namba yako kwenye simu yake, nawe uiandike yake.

Tena uiandike na kwenye daftari, kwa kalamu. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa hapa nchini, na kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Siku kama hizo mwenye wafuasi laki moja na asiye na hata mmoja huwa sawa. Mwenye daftari la namba za wateja thelathini anaweza kuinua simu akampigia wa kwanza, akamwuliza kama ile chupa ya mwezi uliopita imekwisha.