Baba Anatetemeka: Je, Kuna Kidonge cha Kulinda Ubongo?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, ongeza sauti ya redio kidogo.

Majuzi nilimtembelea mama mmoja anayemtunza baba mkwe wake. Mzee ana ugonjwa wa Parkinson: mkono hutetemeka akiwa ametulia, viungo vimekakamaa, hatua zimekuwa fupi fupi. Majirani walikwisha kunong'ona kwamba amerogwa. Siku hiyo nilimkuta kitandani, hawezi hata kujigeuza. Dawa yake, levodopa, ilikuwa kabatini kwa wiki mbili. "Sista," mama akaniambia, "niliambiwa vidonge vya hospitali vinachoma ubongo." Aliyemwambia hivyo ndiye aliyemwuzia mkebe wa vidonge vya "kulinda ubongo". Kuku watano waliuzwa ili kuulipia.

Sikumgombeza. Maneno aliyoambiwa yana ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo maana yanapoteza watu.

Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea bila kukwama. Mtu akiwa na Parkinson, seli hizo hufa polepole. Sasa fikiria jiko la makaa. Kila seli ya mwili huunguza chakula kwa oksijeni ili ipate nguvu, na kama jiko, hurusha cheche. Mwili una njia zake za kuzizima. Cheche zikizidi, zinaharibu seli yenyewe, na hali hiyo wataalamu huiita msongo wa oksidesheni. Seli za dopamini ziko hatarini zaidi, kwa sababu dopamini nayo ikivunjwavunjwa hutoa cheche. Wachunguzi wameona alama za uharibifu huo katika ubongo wa wagonjwa waliofariki.

Basi watafiti wakasema, tuwape wagonjwa kitu cha kuzima cheche. Kuanzia mwaka 1987 walifuatilia wagonjwa 800 huko Marekani na Kanada, wengine wakipewa vitamini E nyingi kila siku. Haikupunguza kasi ya ugonjwa. Wakajaribu koenzaimu Q10, ambayo leo huuzwa kwa bei ya kutisha. Matokeo ya wagonjwa 600 yalitolewa mwaka 2014: hakuna faida. Huenda ni kwa sababu mtetemeko unapoonekana, seli nyingi zimekwisha kufa. Utafiti unaendelea, lakini mpaka sasa hakuna kidonge kilichothibitishwa kuzilinda seli hizo, hata kama mkebe umeandikwa kwa dhahabu.

Na hiyo levodopa je? Mwilini hugeuka kuwa dopamini, kwa hiyo hata madaktari waliwahi kuogopa kwamba ingeongeza cheche. Wakapima. Huko Uholanzi wagonjwa 445 waligawanywa: wengine wakaanza dawa mara moja, wengine wakasubiri wiki 40. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Baada ya wiki 80, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Dawa haikuzuia ugonjwa, wala haikuuharakisha. Haiponyi, mama, lakini inamrudishia mzee mwendo wake.

Kwa hiyo usiisimamishe ghafla. Mgonjwa anaweza kukakamaa vibaya na kupata homa kali, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Mpe kwa saa zile zile kila siku, ikiwezekana nusu saa kabla ya chakula, kwa maana nyama, maharagwe na maziwa huizuia kuingia vizuri mwilini. Akisikia kichefuchefu, kipande cha ndizi kinatosha. Matunda na sukuma wiki mpe kama kawaida, pamoja na maji ya kutosha, kwani choo kigumu huwasumbua sana. Na atembee! Mazoezi humsaidia kusimama imara. Usimfanyie kila kitu kwa kumhurumia.

Jambo moja linawahusu ninyi wenye shamba. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu waliotumia parakwati, dawa ya kuua magugu, au rotenoni, ya kuua wadudu, walipatwa na Parkinson mara mbili na nusu zaidi ya wengine. Dawa hizo huongeza zile cheche ndani ya seli. Anayenyunyizia avae glavu, buti na nguo ndefu, aoge akimaliza, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Dawa isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda, watoto wataikunywa.

Yule mzee tulimpeleka kliniki, daktari akamwanzishia dawa tena kidogo kidogo. Nilipopita juzi alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi, polepole, mkono mmoja ukitetemeka. Mama akaniuliza afanye nini na ule mkebe. Nikamwambia amrudishie mwenyewe na adai pesa zake. Bado hajazipata, lakini anamfuatilia kila siku ya soko.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.