Mitano Iliyokufa Kamukunji: Kazi ya Mikono na Malezi ya Viongozi



Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara wa watu ulitoka kwenye jumba la mikutano la Kenyatta, Nairobi, ukatembea hadi uwanja wa Kamukunji. Huko ikapandwa miti saba, kila mmoja kwa heshima ya shujaa wa jamii fulani ya Kenya, wakiwamo Mekatilili wa Menza, Waiyaki wa Hinga na Wangu wa Makeri. Shughuli ile ilifanyika chini ya Baraza la Taifa la Wanawake, na mwenye wazo alikuwa Wangari Maathai, mwalimu wa anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika miti ile saba, mitano ilikufa.

Wasimuliaji wengi wa maisha ya Wangari hupita hapo mbiombio ili wafike kwenye Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Mimi naomba tutue hapo hapo, penye ile mitano. Nasadiki kwamba kiongozi tunayemjua alipikwa na miche iliyokufa kuliko na hotuba yoyote aliyowahi kuisikia au kuitoa, na kwamba vyuo vyetu vinawanyima vijana malezi ya namna hiyo.

Haikuwa mara yake ya kwanza kupoteza miche. Mumewe aligombea ubunge wa Lang'ata mwaka 1974 na kuwaahidi wapiga kura ajira. Wangari aliichukua ahadi ile kwa uzito, akaunda kampuni ndogo, Envirocare, ili wasio na kazi walipwe na matajiri wa jimbo lile kwa kusafisha bustani zao na kupanda miti. Wazo zuri. Lakini maskini anayetoka mtaa wa mbali anahitaji nauli ya basi asubuhi hiyo hiyo, na tajiri hulipa baada ya kazi kwisha. Pengo hilo la nauli, ambalo katika maandishi ya mradi lingeonekana jambo dogo mno, ndilo lililoibana kampuni, mwanzilishi akabaki anatoa fedha mfukoni mwake. Mwaka 1976 alisafiri kwenda Vancouver, Kanada, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi ya binadamu. Aliporudi, miche aliyoiacha kitaluni ilikuwa imekufa.

Nauli, maji, na mtu wa kumwagilia mwenye mradi akiwa safarini: hayo hayamo kwenye semina za uongozi. Kijana hukaa ukumbini siku mbili, akafundishwa aina za viongozi, akachora malengo kwenye karatasi kubwa ukutani, akapigwa picha na cheti. Ukumbini humo hakuna kinachoweza kumkatalia. Wenzake watakubali mpango wake kwa kuwa hautawagharimu kitu, na mkufunzi atamsifu kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mche haujali cheo cha mtu. Usipomwagiliwa utanyauka, na kila anayepita atauona. Ukweli huo usiobembelezeka ndio unaoufanya mradi wa mikono uwe shule kali ya uongozi, na kali kwa maana njema.

Sasa tazama alichokifanya Wangari baada ya Kamukunji, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Alikwenda kwa wakubwa wa misitu kuomba miche, akieleza nia ya kupanda mti mmoja kwa kila Mkenya. Wakati huo Wakenya walikuwa wapata milioni 15. Mkuu wa idara alicheka, akamwambia achukue miche yote anayoitaka, bure. Haukupita mwaka, idara ikaona kina mama waliojiunga naye wanaomba miche mingi kupita bajeti yake, ikasitisha ukarimu. Basi ikabidi wanawake waoteshe wenyewe.

Mabwana misitu waliletwa kuwafundisha. Walizungumza juu ya mwinuko wa ardhi, pembe ya miale ya jua na vina vya matuta, na wengi wa wasikilizaji hawakuambulia kitu. Fikirini mahali alipokuwa Wangari. Yeye alikuwa na shahada ya uzamivu. Alikuwa amefanya utafiti juu ya kupe na ndigana kali, na ni katika kuzunguka vijijini kuokota kupe kwenye ng'ombe ndipo alipoona mifugo imekonda na mito imegeuka rangi kwa udongo uliosombwa. Lugha ya wataalamu ilikuwa lugha yake. Angeweza kusimama upande wao na kuwahimiza kina mama wajitahidi kuelewa. Badala yake aliwaambia wanawake watumie akili yao ya kila siku. Maisha yao yote wamepanda maharage, mahindi na mtama. Mbegu ya mti nayo ni mbegu. Wakaanza kuokota mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha kwenye vyungu vilivyovunjika na chochote kinachoshika udongo, wakaweka miche juu, mbuzi na kuku wasiifikie. Yeye mwenyewe alipenda kuwaita wataalamu wa misitu wasio na diploma.

Wenzangu wahadhiri, hilo ni jambo gumu kwetu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Sisi tumelelewa kuamini kwamba anayejua zaidi ndiye anayepaswa kuongoza kikosi, na kwamba kuongoza ni kueleza. Kikosi chenye kazi mkononi hukuonyesha haraka kwamba ujuzi umetawanyika. Mmoja anajua udongo, mwingine anajua ni familia ipi ina kisima kisichokauka, wa tatu anajua nani na nani hawaongei tangu msiba wa mwaka juzi. Kiongozi anayeng'ang'ania kujua kila kitu peke yake huwageuza hawa wote kuwa vibarua.

Uamuzi wa pili ninaouheshimu sana ulihusu fedha. Vuguvugu lake la Ukanda wa Kijani, jina lililotokana na mistari ya miti isiyopungua elfu moja ambayo vikundi vilihimizwa kuipanda, liliwalipa kina mama kitu kidogo, kama senti nne za dola ya Marekani kwa kila mche. Lakini halikulipa siku ya kupanda. Lililipa kwa mche uliohamishwa kitaluni, ukapandwa, ukafuatiliwa na kuonekana kwamba umeshika. Kwa kanuni hiyo moja, kazi nzima ilihama kutoka kwenye sherehe ikaenda kwenye utunzaji. Na ili kanuni itekelezeke ilibidi pawe na mtu wa kuhesabu, daftari la kuandikia, siku ya kurudi kukagua, na uaminifu wa kusema huu umekufa. Hapo mwanamke wa kijijini alijifunza kuendesha taasisi. Sidhani kama ipo kozi ya utawala inayofundisha uwajibikaji kwa ufupi kuliko hivyo.

Kipimo cha kikosi kama hicho kilikuja mwaka 1989. Wangari alipinga hadharani jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, mradi uliokuwa na baraka za chama tawala. Alitukanwa bungeni, na shirika likafukuzwa katika ofisi za serikali. Likahamia nyumbani kwake South C, wafanyakazi wapata 80 wakajibana sebuleni na kwenye varanda. Na kule vijijini? Vitalu viliendelea. Kina mama hawakuhitaji ofisi ya Nairobi iwakumbushe saa ya kumwagilia. Ulinganishe na mwaka 1976, safari moja ya mwenye mradi ilipotosha kuua miche. Kati ya miaka hiyo miwili, ujuzi na mamlaka vilikuwa vimehama kutoka kichwani mwa mtu mmoja vikaenda kwenye mikono ya maelfu. Hadi anatunukiwa Nobel, miti iliyopandwa ilikuwa imezidi milioni 30.

Najua litakuja swali: je, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenye mihula, mitihani na mkopo uliochelewa, ataipata wapi miaka 13? Hataipata. Lakini anaweza kupata mwaka mmoja na nusu, na huo unatosha ikiwa mradi umepangwa kwa uzito. Tatizo la miradi yetu ya vikundi ni kwamba huisha siku ya kuwasilisha. Tangi la maji la shule ya msingi huzinduliwa, mkuu wa ndaki hukata utepe, alama hutolewa, na muhula unaofuata bomba limepasuka na hakuna anayejua fundi alinunua wapi viungio. Tunawafundisha vijana wetu kwamba kazi ni uzinduzi. Wakiwa mawaziri wanatuzindulia.

Kwa hiyo ninaleta pendekezo mbele ya Seneti, na naomba lijadiliwe kabla ya mwaka mpya wa masomo. Kila kikundi kipewe mradi wenye mtu wa nje anayeuhitaji: shule, zahanati, ushirika wa wafugaji. Kipewe fedha halisi, hata ikiwa ndogo, pamoja na daftari lake. Uongozi wa kikundi uzunguke, na anayekabidhi aandike yote ambayo mwenzake atahitaji, hadi namba ya mwenye duka la viungio. Siku ya uzinduzi itolewe theluthi moja ya alama. Theluthi mbili zisubiri hadi mwaka mmoja baadaye, mkaguzi atakapokwenda bila taarifa, afungue bomba, ahesabu miche, na kumuuliza mwalimu mkuu au mama wa ushirika kama anaweza kukitengeneza kitu hicho bila kumpigia simu mwanafunzi hata mmoja.