Nasaha kwa Vijana Wetu Waendao Kusoma na Kucheza Ng'ambo



Baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, nina neno moja la kuwausia. Ugenini, kijana haangushwi na baridi wala lugha kama anavyoangushwa na kunyamaza.

Mwanafunzi mwanariadha aendaye chuo cha Marekani hubeba mizigo miwili. Alfajiri yumo uwanjani, mchana darasani, jioni uwanjani tena. Na masomo yakimshinda, huzuiwa hata kucheza. Udhamini wake humlipia karo, chumba na chakula, si mshahara. Na sheria ya viza yake haimruhusu kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo.

Nilimsomesha Kurani kijana mmoja wa mtaani kwetu, naye akaenda huko kwa ajili ya mbio. Aliumia mguu, akaficha, akihofu kunyang'anywa udhamini. Nasi huku kila mwezi twamwuliza, "Watuletea nini?" Hapana aliyemwuliza, "U hali gani?" Mimi mwenyewe nilimwandikia juu ya mabati ya madrasa. Akakimbia na maumivu yake hata mguu ukaharibika, akarudi bila ya shahada. Siku aliponisimulia, nilitahayari.

Wala hakuwa wa kwanza kupata taabu. Mwaka 1978 Henry Rono wa Kenya, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika muda usiotimia miezi mitatu. Baadaye ulevi ulimtesa miaka mingi, na habari hiyo aliieleza mwenyewe kitabuni mwake. Nguvu za miguu hazimkingi mtu na majonzi.

Mtazameni na Hakeem Olajuwon, aliyetoka Lagos mwaka 1980 kwenda Chuo Kikuu cha Houston. Februari 1995, akiwa sasa mchezaji wa kulipwa, alicheza mpira wa kikapu hali amefunga Ramadhani, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Hakuificha saumu yake.

Basi mwambieni mwalimu wenu wa mchezo tangu siku ya kwanza: nyama msizokula, nyakati za sala, na lini Ramadhani itaingia. Mkisafiri mwendo mrefu kwa mashindano, dini imewaruhusu kupunguza sala na kufungua, kisha mlipe saumu. Lakini mkiwa chuoni ninyi ni wakaazi, si wasafiri. Mkiumia, semeni siku ile ile.

Nasi wazee tuwape ahadi: atakayerudi na maradhi tutampokea kama atakayerudi na medali. Na tunapowaandikia, tuanze kwa kuuliza hali zao.

Mwenyezi Mungu awahifadhi, awarudishe salama. Amin.