Fidia na Deni la Kale



Katika furaha ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, tumeombwa tuseme juu ya jambo lisilofurahisha: fidia iingiayo benki ikakutana huko na deni la kale.

Sote twaijua pwani hii. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na bomba la kutoka Madimba hadi Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015. Kazi kubwa za namna hiyo hutwaa ardhi na kung'oa mikorosho na minazi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka fidia iwe kamili, ya haki, tena ilipwe mapema. Lakini ikiisha kuingia benki, fidia hutawaliwa na kanuni nyingine.

Kanuni hiyo ni kongwe. Mwaka 1848, katika shauri la Foley na Hill huko Uingereza, iliamuliwa kwamba fedha ikiwekwa benki huwa mali ya benki, nayo benki huwa mdaiwa wa mteja. Basi benki ikimdai mteja yule yule, madeni mawili huwekwa mizanini, moja likapunguza jingine. Kanuni za Uingereza ziliingizwa Tanganyika mwaka 1920.

Tuchukue mfano. Mkulima alikopa fedha za pembejeo, korosho zikashikwa na ubwiri unga, deni likalala. Pamoja na riba likafika shilingi 2,100,000. Baadaye akalipwa fidia ya shilingi 4,000,000. Afika dirishani, nia yake kununua shamba jingine, akuta 1,900,000. Shamba limekwenda, na zaidi ya nusu ya thamani yake imekwenda nalo.

Ndugu Wanachama, hatusemi madeni yasilipwe. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini haki ya benki ina mipaka. Deni sharti liwe limefikia wakati wa kulipwa. Mdaiwa na mwenye fedha sharti wawe mtu mmoja: fedha ya chama haikatwi kwa deni la mwanachama, kwani Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 yakipa chama nafsi yake. Na hesabu sharti iwe sahihi. Hata Uingereza, benki zilipoamriwa kuwafidia wateja waliouziwa bima ya mikopo isivyo haki, wengi waliona fidia yao ikipunguza madeni ya zamani badala ya kufika mkononi.

Kwa hiyo twashauri haya. Kabla ya kuandika namba ya hesabu katika fomu ya fidia, ombeni benki taarifa ya deni kwa maandishi. Someni mkataba, au mwiteni Katibu awasomee. Fanyeni mapatano ya kulipa kidogo kidogo kabla fedha haijaingia, si baada yake. Kupeleka fidia benki nyingine hakufuti deni. Mahakama ingali pale. Mkiona mmekatwa isivyo haki, lalamikeni kwanza kwa benki yenyewe, kisha Benki Kuu ya Tanzania.

Nanyi Makatibu, mwanachama asiyejua kusoma asiende dirishani peke yake. Kwa ajili hiyo ndipo tulipoungana miaka kumi iliyopita.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Ushirika uwepo siku zote mbili.